Kopo Lililopimwa Bado Linahitaji Maji ya Moto

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mhudumu wa afya ya mama na mtoto kwa wakazi wa kambi. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani yako.)



Leo tuzungumze juu ya maziwa ya kopo, yaani maziwa ya unga yanayotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga. Sote tunajua kwamba mtoto anatakiwa kunyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, halafu aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Hilo tumelisema mara nyingi na hatutachoka kulisema. Lakini kambini wapo watoto ambao mama zao wamefariki. Wapo ambao mama amelazwa mbali. Wapo waliopewa maziwa ya kopo na kituo cha lishe baada ya wahudumu kuona kwamba hakuna njia nyingine. Na wapo ambao wazazi wao wamenunua kopo sokoni kwa hela zao. Mazungumzo haya ni kwa ajili ya wote wanaowalea watoto hao.

Ukifika dukani utamsikia mwuzaji akikuambia: "Mama, chukua bila wasiwasi. Hili limepimwa kiwandani kwa mitambo ya kisasa." Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Viwanda vizuri hupima maziwa yao, na siku hizi vipo vipimo vya haraka ambavyo zamani havikuwepo. Hatari iko katika jambo ambalo sisi wenyewe huliongeza kichwani: kwamba kwa kuwa kopo limepimwa, basi ndani hamna kijidudu hata kimoja, na unaweza kulitengeneza upendavyo. Hapo ndipo watoto wanapoumia.

VIJIDUDU NDANI YA UNGA MKAVU

Watu wengi hudhani kwamba kitu kikavu kilichofungwa ndani ya bati hakiwezi kuwa na uhai. Sivyo. Maziwa ya unga hayako kama dawa ya sindano, ambayo imeuliwa vijidudu vyote. Ni kweli kwamba kiwandani maziwa hupashwa moto mkali. Lakini baadaye hukaushwa, huongezwa vitamini na vitu vingine, kisha hupakiwa. Katika hatua hizo za mwisho kijidudu kinaweza kuingia, ama kutoka sakafuni, ama kwenye mashine, ama ndani ya kile kilichoongezwa.

Vijidudu viwili ndivyo vinavyoogopwa zaidi. Cha kwanza kinaitwa Salmonela. Huleta kuhara, kutapika na homa, na kwa mtoto mchanga kinaweza kuingia hata katika damu. Cha pili kinaitwa Kronobakta. Ugonjwa wake hautokei mara nyingi, lakini ukitokea ni mbaya sana: huingia katika damu na kuleta homa ya uti wa mgongo. Watoto wengi wanaoupata hufa, na wengi wanaopona hubaki na madhara ya ubongo. Walio katika hatari zaidi ni watoto wa chini ya miezi 2, waliozaliwa kabla ya wakati, na wenye uzito mdogo.

Kronobakta kinaweza kukaa hai ndani ya unga mkavu kwa zaidi ya miaka 2. Humo hakizaliani. Kinalala tu, kama mbegu ya mahindi ghalani inayongoja mvua. Mvua yake ni maji ya uvuguvugu.

Msidhani mambo haya hutokea kwenye nchi maskini tu. Mwaka 2001, katika hospitali moja huko Tennessee, Marekani, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati alipata homa ya uti wa mgongo akafa. Wachunguzi walikikuta kijidudu hiki ndani ya unga wa maziwa, hata katika makopo ambayo yalikuwa bado hayajafunguliwa. Mwaka 2017 watoto zaidi ya 30 nchini Ufaransa waliugua Salmonela kutokana na maziwa ya kiwanda kimoja cha mji wa Craon, na ilipofika Januari 2018 boksi milioni 12 zilikuwa zinarudishwa kutoka nchi 83. Mwezi wa Februari 2022 kiwanda kikubwa cha Sturgis, jimbo la Michigan, kilisimamishwa baada ya watoto kuugua na baada ya wakaguzi kukuta Kronobakta ndani ya jengo. Uhaba uliofuata ulikuwa mkubwa hata Marekani ikatumia ndege za jeshi kuleta maziwa ya watoto kutoka Ujerumani.

Nchi hizo zina umeme, maji ya bomba na maabara. Ikiwa huko kopo linaweza kuwa na kijidudu, sisi huku tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi.

KIPIMO CHA HARAKA HUFANYAJE KAZI?

Zamani, kumtafuta adui huyu kulichukua siku nyingi. Fundi wa maabara huchukua unga, huuweka katika supu maalumu yenye joto ili kama kuna kijidudu kilicholala kiamke na kuzaliana. Kesho yake huhamishia katika supu nyingine, kesho kutwa katika sahani za kuoteshea, kisha hungoja tena na kuhakikisha. Siku 4 hadi 6 hupita. Njia hiyo bado inatumika mpaka leo kwa sababu inaaminika.

Kipimo cha haraka hufupisha safari hiyo. Mnajua jinsi mnavyotambuliwa siku ya mgao: unaweka kidole juu ya mashine, na mashine inasema huyu ni fulani. Haikuulizi jina wala haihitaji kukungojea siku tatu. Kila kijidudu nacho kina alama yake ya urithi ambayo vijidudu vingine hawana. Baada ya unga kulala usiku mmoja katika supu ya joto, fundi huchukua tone dogo, na mashine hutafuta alama hiyo. Ikiwepo, mashine huonyesha baada ya saa chache. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kujua habari kwa muda wa siku moja au mbili badala ya karibu wiki nzima, na mzigo wenye hasara ukazuiwa kabla haujatoka ghalani. Hiyo ni faida kubwa, na tunashukuru kwamba ipo.

Wengine mmeniuliza: "Kama malaria inapimwa kwa tone la damu na majibu yanatoka kwa dakika 15 au 20, kwa nini kituo chetu cha afya kisiwe na kipimo kama hicho cha maziwa?" Swali hilo ni la maana. Mtu anayeumwa malaria ana vimelea vingi ndani ya damu yake, kwa hiyo tone moja linatosha. Katika unga wa maziwa mambo ni kinyume. Gramu 100 zinaweza zisiwe na kijidudu hata kimoja, na gramu zinazofuata zikawa nacho kimoja tu. Kipimo hakiwezi kukiona kimoja. Ni lazima kwanza kioteshwe usiku kucha katika maabara yenye umeme na fundi aliyefundishwa. Ndiyo maana hata kipimo kinachoitwa cha haraka hakiwezi kufanyika mbele ya jiko lako. Mtu akikuuzia kijiti akisema ukichovya kwenye kikombe kitakuambia kama maziwa ni salama, usimwamini.

KWA NINI KIPIMO PEKE YAKE HAKITOSHI

Chukua gunia la mchele. Chota kikombe kimoja, kimwage kwenye ungo, chambua. Hukuona jiwe. Je, unaweza kuapa kwamba gunia zima halina jiwe? Huwezi. Unachoweza kusema ni kwamba mawe, kama yapo, ni machache.

Kupima maziwa ni hivyo hivyo. Kanuni za kimataifa za mwaka 2008 zinataka mzigo mmoja wa kiwanda utolewe vipande 30 vya gramu 10 kila kimoja kutafuta Kronobakta, na vipande 60 vya gramu 25 kutafuta Salmonela. Kijidudu kikionekana katika kipande kimoja tu, mzigo wote unakataliwa. Sheria ni kali. Lakini hesabu mwenyewe: ni gramu 300 kwa kile cha kwanza na kilo moja na nusu kwa kile cha pili, wakati mzigo wenyewe unaweza kuwa wa tani nyingi. Unga uliopimwa hauuzwi tena. Ule unaofika kwako ni ule ambao haukuguswa na fundi.

Kuna jambo la pili. Kipimo husema habari za siku ile tu. Hakijui kwamba kopo lilifunguliwa dukani likauzwa kijiko kwa kijiko. Hakijui kwamba kijiko kiliwekwa chini kwenye udongo, au kwamba mtoto mkubwa aliingiza mkono wenye maji. Kopo likishafunguliwa, mlinzi wake ni wewe.

KOSA LINALOFANYIKA JIKONI

Mama mwangalifu huchemsha maji asubuhi, huyaacha yapoe kabisa, huyaweka kwenye chombo safi chenye mfuniko. Mtoto akilia, anachota maji yale ya baridi, anaweka unga, anakoroga, anampa. Anajiona amefanya kila kitu sawasawa, na hakika amejitahidi. Lakini tazama vizuri: maji yamechemshwa, unga haukuchemshwa. Vijidudu vya maji vimekufa. Kijidudu cha unga, kama kilikuwemo, kimeogeshwa kwa maji safi na kimeamka.

Maziwa yakishakorogwa, muda unaanza kuhesabiwa. Watafiti walipima wakaona kwamba kwa joto la nyuzi 23 Kronobakta huongezeka maradufu kwa dakika 40 hivi. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinne, vinne vinane. Baada ya saa 6 ni zaidi ya 500. Baada ya saa 12, yaani maziwa yaliyotengenezwa jioni na kungoja asubuhi, ni zaidi ya laki mbili na nusu. Na chini ya turubai zetu wakati wa mchana joto hupita nyuzi 23.

Kwa hiyo tunahitaji mambo mawili: joto la kuua, na haraka ya kutumia.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yalitoa mwongozo mwaka 2007. Maji ya kuchanganyia yasiwe chini ya nyuzi 70 za Sentigredi. Joto hilo huua Kronobakta na Salmonela. Hatuna vipimajoto majumbani, lakini njia ipo. Fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kikombe na kijiko kwa sabuni, kisha vichemshe.

2. Chemsha maji yasiyopungua lita moja mpaka yatokote. Ukichemsha kidogo yatapoa upesi mno. Epua, funika, na usingoje zaidi ya dakika 30 kabla ya kuchanganya. Maji yanayobaki si hasara. Yakipoa watakunywa wengine.

3. Mimina maji ya moto kwenye kikombe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kisha weka unga kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo. Usipunguze unga ili kopo lidumu. Mtoto atashiba maji na atakonda. Kama huwezi kusoma maandishi, njoo nalo kituoni tukuonyeshe.

4. Koroga, kisha weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya baridi. Maji hayo yasiingie ndani ya kikombe. Dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono. Likiwa vuguvugu, mpe mtoto. Usiruke hatua hii, maana maziwa ya moto yatamuunguza.

5. Mnyweshe kwa kikombe kilicho wazi. Chupa na chuchu yake ya mpira zina kona nyingi zinazoficha uchafu, na kambini ni vigumu kuzisafisha. Hata mtoto wa siku chache anaweza kunywa kwa kikombe akipakatwa vizuri na kupewa polepole.

6. Kilichobaki baada ya saa 2 tangu ulipotengeneza, kimwage. Usikipashe moto tena. Najua inauma kumwaga maziwa, kwa hiyo tengeneza kidogo kidogo, ya mlo mmoja tu.

7. Funga kopo vizuri, liweke pakavu, na kijiko kiwe kikavu daima. Likishafunguliwa litumike ndani ya mwezi mmoja. Usinunue unga uliomiminwa kwenye mifuko, wala kopo lililotoboka, lililovimba au lililopita tarehe. Na maziwa ya unga ya chai si maziwa ya mtoto mchanga.

Nasikia mtu akisema: "Na kuni je?" Hilo ni kweli, kuni ni shida, na anayezifuata mbali ni mama huyu huyu. Majirani wenye watoto wa kopo wanaweza kuchemsha pamoja kwa zamu. Chupa ya chai inayotunza moto nayo husaidia ikiwa ni safi na imejazwa maji yaliyotokota, lakini usiamini maji yaliyokaa humo tangu alfajiri mpaka jioni. Kama hata hivyo hushindwi kufikisha moto mara kadhaa kwa siku, mwambie mhudumu wa lishe. Usinyamaze. Mtoto aliyeandikishwa kwa maziwa ya kopo anastahili pia kuangaliwa jinsi yanavyopikwa.

MASWALI YALIYOULIZWA

"Maziwa yangu yamepungua. Je, nianze kopo?" Njoo kwanza kituoni. Mara nyingi maziwa hurudi mtoto akinyonyeshwa mara nyingi, usiku na mchana, mara 8 hadi 12. Hata mwanamke aliyeacha kunyonyesha, na wakati mwingine bibi, anaweza kupata maziwa tena akisaidiwa. Na ujue gharama: mtoto mmoja anahitaji kilo 20 hivi za unga kwa miezi 6, yaani makopo 40 ya gramu 500. Anayekupa kopo moja la bure, makopo 39 atakupa nani? Likiisha, kopo limekwisha na maziwa ya kifuani yamekauka.

"Mimi nina virusi vya UKIMWI. Je, kopo si salama zaidi kwa mtoto wangu?" Ushauri wa sasa ni kwamba mama anayemeza dawa zake kila siku anyonyeshe: maziwa yake peke yake miezi 6, kisha pamoja na chakula angalau mpaka miezi 12, na anaweza kufika miezi 24 au zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2006 kuhara kulienea Botswana baada ya mvua nyingi. Watoto wengi wa akina mama wenye virusi walikuwa wakipewa maziwa ya kopo ya serikali. Wachunguzi walipowaangalia watoto waliolazwa, waliona kwamba kutonyonya ndiyo ilikuwa hatari kubwa kuliko zote. Makopo yale hayakuwa ya magendo. Ongea na mhudumu wako kabla ya kubadilisha chochote.

"Nitajuaje kwamba mtoto amepatwa?" Mtoto anakataa kunyonya au kunywa. Ana homa, au mwili umekuwa wa baridi. Analegea, haamki vizuri, analia bila kunyamaza, anashtuka kwa degedege, au utosi umevimba. Au anaharisha na kutapika. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2 usingoje kuche na usianze kwa dawa ya sokoni. Mlete saa hiyo hiyo. Njoo na kopo lake pia, pamoja na unga uliobaki, maana namba ya mzigo iliyoandikwa kwenye bati inaweza kuwasaidia watoto wengine.

"Kwa hiyo tusiamini vipimo?" Tuviamini kwa kazi yake. Kipimo huzuia mzigo mbaya usitoke kiwandani, na kadiri kinavyokuwa cha haraka ndivyo mzigo huo unavyozuiwa mapema. Ulinzi wa pili ni sufuria yako inayotokota, na ulinzi wa tatu ni mkono wako unaomwaga mabaki.

Ndugu zangu, anayelea yatima kwa kopo amebeba mzigo mkubwa, na asiachwe aubebe peke yake. Wewe uliyesikia leo, ukirudi mtaani kwako mtafute mama mmoja au bibi mmoja mwenye mtoto wa kopo. Mwulize anachanganya kwa maji gani. Kama ni ya baridi, kaa naye mchemshe pamoja mara moja, aone.